Mdogo wangu kafungwa Texas, rufaa imetupwa. Aende mahakama ya shirikisho?

Dada_wa_Pili: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu yuko gereza la jimbo, Texas. Rufaa ilitupwa tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka jana, wakili akasema kazi yake imeishia hapo. Juzi nimepata barua yake, kaandika kwa penseli mpaka pembeni mwa karatasi. Wenzake wanamshauri apeleke habeas corpus, yaani ombi la kupinga kifungo chake, mahakama ya shirikisho, kwa sababu wakili hakumwita shahidi aliyekuwa naye usiku ule. Pesa ya wakili mwingine hatuna. Naombeni ushauri.

Mzee_wa_Houston: Pole sana dada. Aliomba mahakama ya juu ya jinai ya jimbo iipitie ile rufaa?

Dada_wa_Pili: Hapana mkuu, hakuna aliyetuambia.

Mzee_wa_Houston: Basi zile siku 30 za kuomba zilipokwisha, mwaka wake ukaanza kuhesabiwa. Sheria ya 1996 inampa mwaka 1 tu wa kupeleka ombi shirikisho, kwa hiyo mwisho ni katikati ya mwezi wa 10 mwaka huu. Na asikimbilie shirikisho. Hoja ya shahidi haijasikilizwa na jimbo, jaji wa shirikisho hataigusa. Ajaze fomu ya 11.07, ndiyo habeas corpus ya jimbo, iende mahakama ileile iliyomtia hatiani. Ikiwa huko, siku hazihesabiwi. Ikikataliwa zinaendelea pale zilipoishia, hazianzi upya.

Mama_Wawili: Dada, msikilize mzee. Sisi kwa mume wangu tulianza na shirikisho, tukakaa kusubiri jibu, kumbe ombi la huko halisimamishi siku. Tulipokuja kuambiwa turudi jimboni, mwaka ulishapita. Hoja zake hazijasomwa mpaka leo. Inaniuma kila nikienda kumwona.

Mzee_wa_Houston: Pole mama. Jambo jingine: shahidi aandike hati ya kiapo sasa, iambatane na fomu ya jimbo. Tangu kesi ya Pinholster ya 2011 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, jaji wa shirikisho huangalia ushahidi uliokuwa mbele ya jimbo. Ukiuficha kwa ajili ya baadaye umeupoteza. Wakifika shirikisho ada ni dola 5, na siku anayomkabidhi askari bahasha ndiyo inayohesabika. Aandike tarehe hiyo.

Dada_wa_Pili: Shahidi yuko Dallas, nimempigia sasa hivi. Kakubali, naenda Jumamosi. Mungu awabariki.