Wana wa Bibi Halima (Walukuba, Jinja)

ALHAMISI

20:02 Sauda: Assalaam alaykum nyote. Twaha anatua Entebbe Jumamosi asubuhi, anarudi Dubai usiku wa kuamkia Jumanne. Amebeba visanduku vitatu vya kipimo cha DNA, tujue kama yule bibi wa Leicester, Uingereza, ni damu ya Babu Fundi, Mhindi wa Bibi Halima aliyeondoka 1972. Nataka majina matatu leo hii, si kesho.

20:03 Sauda: Wa kwanza Baba Mkubwa Yusufu. Wa pili Shangazi Zaituni. Wa tatu Swale.

20:38 Sauda: Tuko 34 humu, waliosoma 19. Endeleeni kunyamaza.

20:44 Swale: Waalaykum salaam. Mimi nimefanya nini tena?

20:45 Sauda: Wewe ni mwana wa kiume wa mwana wa kiume wa Babu Fundi. Kromosomu Y inatoka kwa baba kwenda kwa mwana, basi. Twaha hana ya Fundi kwa sababu kwa Fundi anaingia kupitia mama yake. Sisi wanawake hatuna kabisa.

20:46 Swale: Kumbe mimi ni mirathi inayotembea. Kuanzia leo boda yangu nauli imepanda.

20:59 Hadija Bombo: Samahani wapendwa, nimechelewa. Huyo bibi wa Leicester ni nani hasa? Nimepanda juu kutafuta ujumbe wa kwanza nikapotelea kwenye picha za harusi ya Faruku.

21:03 Sauda: Twaha alipima mwaka jana, akatoka 24% Asia ya Kusini. Mjukuu anatarajiwa karibu 25, kwa hiyo hapo hakuna kioja. Wiki mbili zilizopita akatokea mtu wanayelingana sentimogani 452. Mwanamke, yuko Leicester, baba yake kazaliwa Jinja 1950.

21:04 Ismaili: Sentimogani ni nini kwa sisi tulioishia darasa la saba

21:07 Sauda: Mjomba, ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wamevirithi kwa mtu mmoja. Ndugu wa baba na mama mmoja hufika kama 2,600. Wa mzazi mmoja, kama 1,750. Binamu kamili, kama 870. Binamu wanaochangia babu lakini bibi tofauti, kama 450. Sasa hiyo 452 muione wenyewe.

21:08 Ismaili: Babu mmoja bibi wawili. Lahaula.

21:08 Swale: Babu Fundi alikuwa fundi kweli kweli

21:09 Sauda: Swale.

21:10 Swale: Nimenyamaza.

21:26 Twaha: Nipo kazini, naandika haraka. Da Sauda usiikumbatie sana hiyo 450. Ni wastani tu, na mahusiano mengine yana wastani huohuo. Baba yake akiwa mtoto wa Fundi, mimi na huyo bibi ni mabinamu wa babu mmoja, karibu 450. Baba yake akiwa ndugu wa Fundi, yeye ni binamu wa mama yangu, na hapo pia inakuja karibu 430. Baba yake akiwa mtoto wa ndugu wa Fundi, wastani ni 230 hivi, ila wapo wanaozidi 500. Kwa hiyo milango mitatu bado iko wazi.

21:31 Sauda: Ndiyo maana nataka kizazi cha juu, watoto wa Fundi wenyewe. Baba Mkubwa akipimwa mambo yamekwisha.

21:40 Twaha: Yanakwisha nusu. Mlango wa tatu ndio utafungika: Mjomba Yusufu akipata karibu 870 na huyo bibi, baba yake si mtoto wa ndugu wa Fundi, maana hapo angepata karibu 430. Lakini milango miwili ya kwanza yote inatoa 870. Mjomba wa mzazi mmoja na binamu kamili, namba ni ileile. Hata baba yake mwenyewe akipimwa, kaka wa baba mmoja na baba mdogo wote ni 1,750.

21:41 Ismaili: Basi mnapima nini sasa

21:43 Twaha: Hapo ni umri, Mjomba. Babu Fundi mnasema alikuwa mtu mzima tayari wakati bwawa la Owen Falls linajengwa, na lilifunguliwa 1954. Mtu wa 1950 ni vigumu kuwa kaka yake. Mtoto wake, ndiyo. Namba peke yake haisemi, namba na miaka ndiyo inasema.

21:45 Swale: Na mimi na Y yangu?

21:47 Twaha: Y inathibitisha ukoo wa kiume tu. Fundi, kaka zake, watoto wa kaka zake, wote Y moja. Haitofautishi mwana na mpwa. Tena hivi visanduku havipimi Y, kile ni kipimo kingine na ni ghali.

21:48 Swale: Dakika 60 nilikuwa mtu muhimu. Nauli imerudi palepale.

IJUMAA

06:50 Sauda: Sabahalkheri. Swale ametoka. Nafasi ya tatu ni yangu mimi au Rajabu, tutasemezana. Sasa namna ya kufanya, msije mkaharibu vijiti. Hivi ni vya pamba, si vya mate, na nimefurahi maana wazee vinywa hukauka.

06:56 Sauda: Saa nzima kabla: kutokula, kutokunywa, kutovuta sigara, hata miraa. Kijiti kimoja shavu la kulia, cha pili la kushoto. Unasugua ndani ya shavu kwa nguvu kiasi, unakizungusha, sekunde 45 mpaka dakika moja. Kichwa cha kijiti kinakatwa ndani ya kichupa chenye dawa na kifuniko kinakazwa. Dawa isimwagwe, ndiyo inayohifadhi. Msishike pamba kwa vidole.

06:58 Sauda: Namba ya kichupa inaandikishwa kwenye akaunti KABLA hakijaondoka. Wengi hukosea hapa: maabara inapokea kichupa kisicho na mwenyewe. Kosa la pili ni kufungua visanduku viwili kwenye meza moja. Mtu mmoja akimaliza, kifungwe, kiandikwe, ndipo cha pili kifunguliwe. Vikibadilishana, mama atageuka kuwa mwana wa binti yake.

07:15 Swale: Huku Walukuba wapo tayari wa hivyo bila kipimo

09:20 Rajabu: Kabla hamjasugua mashavu, mnafikiria hao watu wanatafuta nini? Mwaka jana kuna waliokuja Iganga Road na hati wakawapa wapangaji miezi mitatu wahame.

09:22 Ismaili: Ndilo nililokuwa nalisubiri. Watu hawatafuti ndugu bure.

09:34 Rajabu: Sheria ikoje: Wahindi waliofukuzwa na Amin 1972 walirudishiwa haki ya kudai mali kwa sheria ya 1982, na wengi walichukua miaka ya tisini. Aliyedai alidai kwa hati ya nyumba. Kufanana vinasaba si hati. Anayedai kwa mlango wa mrithi anahitaji kwanza amri ya mahakama ya kusimamia mirathi. Na kipimo cha kununua hivi mahakamani hakina uzito, kwa sababu hakuna aliyeshuhudia kijiti kiliingia mdomo wa nani. Cha mahakama kinachukuliwa mbele ya mashahidi, kwenye maabara ya serikali Wandegeya.

09:36 Rajabu: Halafu Babu Fundi alikuwa mpangaji. Hakuna nyumba. Kilichobaki ni cherehani na kila mtu humu anajua iko kwa nani.

09:37 Ismaili: Rajabu usinianze asubuhi

09:52 Hadija Bombo: Je, wanaweza kudai uraia kupitia kwetu?

10:05 Rajabu: Hapana. Ibara ya 10 ya Katiba inamtazama mzazi au bibi na babu wa jamii zilizokuwa Uganda tarehe 1 Februari 1926. Wanubi, watu wa Bibi Halima, wamo kwenye orodha, Wahindi hawamo. Sisi uraia tumepewa na Bibi Halima, hatukupewa na Fundi. Wao hawana Bibi Halima.

10:06 Swale: 😂 Bibi Halima ndiye pasipoti

10:09 Hadija Bombo: Allah amrehemu. Na kuna waliomwita mama wa machotara mpaka kisimani.

10:40 Sauda: Turudi. Hadija, wewe ulishughulikia makaratasi ya Kinubi kule Bombo. Tumwulize nini huyo bibi?

11:12 Hadija Bombo: Kwanza jina kamili la baba yake, maneno yote matatu. Wagujarati huandika jina lake, la baba yake, kisha la ukoo. Hilo la katikati ndilo jina la Babu Fundi kama ni mwanawe. Ni kama bin yetu, ila bin haiandikwi. Wakati mwingine mkiani kuna bhai au lal, hiyo ni nyongeza tu, iondoeni mkilinganisha.

11:15 Twaha: Jina la ukoo nimeliona. Mistry.

11:16 Hadija Bombo: Mistry maana yake ndiyo fundi. Lakini polepole, mafundi wa Kigujarati wenye jina hilo wamejaa tele. Lisiwe ushahidi, liwe kidokezo.

11:24 Hadija Bombo: Pili, karatasi za 1972. Walioingia Uingereza walikuwa kama 28,000, wengi wakapitia kambi za Uganda Resettlement Board, bodi ya Uingereza ya kuwapokea: Stradishall, Greenham Common, Tonfanau na nyinginezo. Karatasi ya kambini au pasipoti ya baba yake inaweza kuwa na mahali alipozaliwa na tarehe. Tatu, picha. Mgongo wa picha mara nyingi una muhuri wa studio. Nne, kijiji chao Gujarat. Wakikijua, kuna koo zenye barot, watu wanaotunza vitabu vya nasaba. Tatizo, vingi vinaandika wanaume.

11:26 Swale: Ni kweli Leicester waliweka tangazo gazetini watu wasiende?

11:27 Hadija Bombo: Kwenye Uganda Argus, 1972. Waliosoma ndio wakajua Leicester iko wapi.

11:50 Sauda: Nimeandika ujumbe wa kumtumia. "Salamu kutoka Jinja. Wewe ni binamu yetu, babu yako alikuwa na mke mwingine Mwafrika na watoto wanne..."

11:52 Twaha: Da Sauda futa. Unamrushia mtu bibi wa pili kwenye mstari wa kwanza, na baba yake yu hai ana miaka sabini na kitu. Andika namba, andika Jinja, andika miaka, taja kwamba familia yetu ina babu fundi aliyeondoka 1972 tusiyejua jina lake la kwao. Usiombe kitu. Usitaje pesa wala kusafiri. Mwache yeye aulize rangi.

11:53 Sauda: Picha yangu ataiona tu.

11:54 Twaha: Yangu ameiona, na ameandika "hello cousin". Subiri.

12:20 Sauda: Sawa. Jumapili saa nne Bugembe kwa Shangazi Zaituni. Kila nyumba 20,000 ya chakula. Waliotuma mpaka sasa: mimi.

14:31 Ismaili: Nami niseme. Kama Zaituni anapimwa na Yusufu anapimwa siku moja, si ndiyo nafasi ya kumaliza ile habari ya 1993? 2,600 au 1,750, ndugu kamili au wa mzazi mmoja. Ijulikane.

14:33 Hadija Bombo: Mjomba!

14:33 Rajabu: Futa hiyo.

14:40 Ismaili: Nafuta nini. Maneno yalisemwa kwenye matanga mbele ya watu, si mimi niliyeyasema kwanza

14:41 Sauda: Kwa faida ya wote, mimi SIKUMWEKA Shangazi kwa sababu hiyo. Niliweka wazee wawili kwa sababu kila mtoto hurithi nusu yake tofauti, anachokosa mmoja mwenzake anacho.

14:42 Swale: Jamani nani analeta soda Jumapili

14:42 Swale: Nauliza tu

*Ismaili amefuta ujumbe huu*

19:08 Baba Mkubwa Yusufu: Nimesomewa yote tangu jana. Mimi nitasuguliwa shavu, sina neno. Zaituni hapimwi. Aliyemtaja 1993 anajua alichomfanya, na yule aliyekumbusha leo anajua. Fundi mwenyewe alimbeba Zaituni begani mpaka stesheni. Namba haitakuja kumteremsha.

JUMAMOSI

07:30 Sauda: Baba Mkubwa tumekusikia. Kwa kazi hii wewe peke yako unatosha. Cha pili nitatumia mimi, cha tatu kitabaki.

08:02 Hadija Bombo: Na Mjomba Ismaili aende Bugembe leo, kabla ya Jumapili. Asiende na simu.

08:45 Twaha: Nimetua. Njia ya Entebbe imefunga. Ndege ya kurudi ni Jumanne saa tisa usiku, vichupa nivipate Jumatatu jioni mwisho. Huyo bibi amejibu: jina la katikati la baba yake atampigia amwulize kesho.

08:46 Sauda: Kesho saa ngapi??

10:15 Rajabu: Waliotuma 20,000 ni watatu.

10:16 Swale: Mimi naja na chapati, hizo hazina sentimogani

12:52 Aisha Bugembe: Assalaam alaykum. Ni mimi Aisha, naandika kwa Bibi Zaituni. Nimemsomea yote, hata kile kilichofutwa maana nilikuwa nimeshakisoma. Anasema msije saa nne, mje baada ya Adhuhuri. Na kisanduku cha tatu kisitumiwe na mtu, kiwekwe kwake.

12:53 Sauda: Anataka kupimwa?

12:53 Sauda: Aisha

13:20 Aisha Bugembe: Nimemwuliza. Amesema kiwekwe tu.

13:41 Sauda: Baba Mkubwa unasemaje?

17:05 Sauda: Baba Mkubwa?

17:30 Swale: Mzee amelala. Simu iko kwangu.