Baba alipigwa mionzi ya ini miezi 3 iliyopita, MRI yasema uvimbe uko vile vile

binti_majengo
Assalam aleikum ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 67, ana kansa ya ini ilotokana na hepataitisi B alokaa nayo miaka bila kujua. Upasuaji haukuwezekana kwa vile ini lishajaa makovu, akapigwa mionzi ile ya SBRT, ya nguvu inayolengwa kwenye uvimbe wenyewe, mara 5. Juzi miezi 3 imetimia tukampeleka MRI, ripoti yasema uvimbe ulikuwa sentimita 4.1 sasa ni 4, na wakitia dawa ya kontrasti bado wang'aa, halafu pembeni yake kumezuka eneo jipya lang'aa pia ambalo halikuwako. Kaka yangu mkubwa ashaanza kusema pesa tumezimwaga baharini. Kliniki ni Alhamisi. Hivi mionzi imekataa? Baba kila saa aniuliza na mimi sina la kumjibu.

fundi_picha
Waleikum salam dada, pole sana. Mimi nafanya kazi kwenye MRI, sio daktari wa baba kwa hivyo wao ndio wenye neno, lakini hili jambo huchanganya watu wengi na naumia nikiona familia yakata tamaa mapema. Ile tiba ya kuziba mshipa unaolisha uvimbe hukata damu hapo hapo, ndio ukipiga picha baada ya mwezi palipokufa huwa hapachukui kontrasti. Mionzi sivyo. Mionzi huvunja DNA, seli yaja kufa baadaye ikitaka kugawanyika, na muda wote huo damu yaendelea kuingia. Kung'aa miezi 3, miezi 6, wengine hata kupita mwaka, kwaonekana kwa watu ambao tiba imewashika vizuri tu. Ndio maana LI-RADS ya 2024, mwongozo ambao madaktari husomea picha za ini, uliwatenga walopigwa mionzi, ukawawekea fungu lao: uvimbe bado wang'aa lakini haukui, basi wafuatiliwa, hauitwi kansa hai.

Hilo eneo jipya nataka kujua umbo lake. Ini lililopitiwa na miali huvimba kwa ndani na hung'aa kufuata njia ya miali, mipaka yake yanyooka, haliwi duara. Kinachotutia wasiwasi ni kinundu kipya cha duara, au ile sehemu inayong'aa kuongezeka picha baada ya picha. Waulize pia picha za DWI zasemaje, zile zaangalia maji yatembea vipi ndani ya uvimbe, kansa hai seli zimebanana maji hayapiti, zikianza kufa yapata njia.

mama_wa_tudor
Mwanangu usilie. Mume wangu miezi 3 aliandikiwa hivyo hivyo, miezi 6 uvimbe ukaanza kunywea, mwezi wa 9 ndio ukaacha kung'aa. Kilichotangulia kushuka ni AFP ya damu, ile protini ambayo kansa ya ini huitoa, ya baba mmepima? Ila sio kila uvimbe hutoa AFP, kwa hivyo kama ya baba tangu mwanzo ilikuwa chini haitawaambia kitu. Na msifanye kosa letu, sisi picha ya kwanza tulipiga CT mahali pengine, ya pili MRI kwengine, daktari akashindwa kuzilinganisha. Bakini na MRI ile ile. Halafu mzoezeshe kuzuia pumzi, sekunde 15 mpaka 20, mume wangu alikohoa katikati picha zote zikacheza, tukawa twafanya mazoezi barazani kila baada ya alasiri.

mvuvi_wa_tezo
Haya yote sawa lakini macho yakiwa manjano au tumbo likijaa maji usingoje Alhamisi, ini lenyewe laweza kuumizwa na mionzi miezi hii hii ya mwanzo. Na dawa za hepataitisi asiache hata siku moja.

binti_majengo
Allah awalipe. Nimesoma ripoti tena, hilo eneo jipya wameandika lina umbo la kabari. AFP kabla ilikuwa 612, ya wiki jana ni 95, yani karatasi ilikuwa ndani ya faili na hakuna alotuambia maana yake. Macho meupe, chakula ala kidogo kidogo. DWI haikutajwa popote.

fundi_picha
Kabari, na AFP imeshuka hivyo? Nimefurahi kusikia. Alhamisi waombe walinganishe na MRI ya kabla ya mionzi waziweke mbili pamoja, na uulize ya pili ni lini, kwa kawaida ni baada ya miezi 3 mingine. CD ya kwanza mnayo?

binti_majengo
Iko kwa amu, Likoni. Kesho asubuhi navuka feri naifuata.