Kutafsiri Future Cops kwa Kiswahili: maandishi yanachelewa na utani unafia njiani

sauti_ya_kibanda
Wadau, natayarisha Future Cops ya Wong Jing, ile ya 1993, ionyeshwe kwenye kibanda cha video huko Kayole, Nairobi. Iko kwa Kikantoni, na nataka kuweka sauti ya Kiswahili juu. Mambo mawili yamenishinda. Maandishi ya Kiingereza yanaanza sawa, lakini kufika katikati watu washapigana wakamaliza na maandishi bado yako darasani. Nikiyavuta mbele, mwanzo unaharibika. La pili ni utani: nikiutafsiri neno kwa neno hauchekeshi hata kidogo. Niruke ama?

picha25
Usivute, shida ni kasi. Cheza muvi kwenye VLC, bonyeza Ctrl+J, uangalie inakwenda picha ngapi kwa sekunde. Ukiona 25, basi maandishi yako karibu hakika yalitengenezewa kopi ya 23.976. Tofauti inaonekana ndogo lakini kila saa moja inakurudisha nyuma dakika 2 na nusu hivi.

Chukua Subtitle Edit, programu ya bure ya kurekebisha maandishi. Fungua faili ya maandishi (.srt), tafuta sehemu ya kubadilisha kasi ya picha, weka kutoka 23.976 kwenda 25, halafu hifadhi kwa jina jipya ili ile ya kwanza ibaki salama. Pima mahali patatu: sentensi ya kwanza, katikati na ya mwisho. Kama pote pamepishana kwa kiasi kile kile, sasa ndio uvute. Kwenye VLC, G inayaleta mapema na H inayachelewesha, milisekunde 50 kila ukibonyeza. Ukifunga VLC marekebisho hayo hayabaki, kwa hivyo ukishajua kiasi, kiweke ndani ya faili yenyewe.

Kama yanaenda sawa halafu ghafla yanaruka sehemu moja, hapo kopi yako imekatwa kipande. Kasi haitibu hiyo. Sogeza mistari yote kuanzia pale palipokatwa, ya juu yake uiache.

mbabe_wa_shule
Kwa utani, anza na jina lenyewe. Kwa Kikantoni muvi inaitwa Chiu Kap Hok Hau Ba Wong, yaani mbabe mkuu wa shule. Gemu ya ngumi ya Street Fighter, ambayo muvi hii inaiiga kwa utani, huko inaitwa Gaai Tau Ba Wong, mbabe wa mtaani. Mtu wa Hong Kong akisoma bango tu ashaanza kucheka, kwa sababu ameona gemu imevalishwa yunifomu ya shule. Jina la Kiingereza limetupa hiyo yote. Wewe fungua na "Mbabe wa Mtaa amehamia shule" na watu watakuwa wameelewa kabla ngumi ya kwanza.

Majina ya gemu usiyaguse. Muvi yenyewe imewabadilisha wahusika wa gemu majina na kuacha nguo tu, na hata kwenye gemu ni vurugu: mkubwa wa maadui anaitwa Vega Japani, lakini nje anaitwa M. Bison, na Vega wa nje ni yule wa makucha. Ukitaja Vega, nusu ya kibanda itakubishia. Waite kwa sura: Jenerali, Makucha (Andy Lau), Nywele za Ufagio (Jacky Cheung), Mikono Mirefu (Simon Yam).

Utani wa maneno tafsiri kazi yake, neno liache. Kikantoni kinacheza na sauti: tisa na mbwa zote ni "gau", hata mpando wa sauti ni ule ule. Kwetu hiyo haifiki. Tafuta neno letu lenye maana mbili linalokubaliana na picha. Adui akitoa amri na karibu kuna maua, mpe "Ua!" na kibaraka wake ajibu "Lipi, mkubwa, jekundu?" Kama hakuna ua kwenye picha, achana nayo, watu wanaangalia huku wanasikiliza. Na si lazima kicheko kianguke sentensi ile ile, mradi kiwe ndani ya tukio hilo.

Muvi ina nyakati mbili, zieleze dakika za kwanza: Jenerali amenaswa 2043, watu wake wanarudi 1993 kumuua jaji kabla hajawa jaji, polisi wanawafuata. Baada ya hapo usiseme "sasa" wala "zamani". Taja mwaka. Kwa mtazamaji wa Kayole 1993 ni zamani, kwa staringi ni leo, kwa wageni wake ni historia. Ukichanganya mara moja tu, hakuna atakayekufuata tena. Zaidi ya hapo usijisumbue na mantiki ya safari, muvi haina kichwa wala miguu kwa makusudi.

sauti_ya_kibanda
Asante sana. Sentensi zangu zinakuwa ndefu kuliko zao, mdomo unafunga mimi bado naongea.

desibeli
Midomo isikusumbue. Muvi nyingi za Hong Kong za wakati huo zilitiwa sauti baadaye studioni, hata Kikantoni chenyewe hakilingani na midomo. Angalia pumzi yako tu: sekunde 2 zinabeba silabi kama 12, zikizidi punguza maneno.

Sauti ya muvi usiizime, utapoteza vishindo vya ngumi na ndio watu wanavyokuja kusikia. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka mstari wa sauti ya muvi juu, mstari wako chini yake moja kwa moja, chagua ule wa juu, tumia Auto Duck, inayoshusha sauti ya muvi kila ukiongea. Imewekwa desibeli 12 chini tayari, inatosha. Ikiwa muvi inapanda na kushuka kati ya maneno yako, ongeza muda wa kusubiri kabla haijarudi.

picha25
Na kabla ya kuuza tiketi: kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya. Kutafsiri nako ni haki ya mwenye muvi kwa Sheria ya Hakimiliki. Leseni ya kibanda haikupi ruhusa hiyo ya pili.