Matangazo ya viwanja yananimaliza, nifanyeje?

Fundi Karatasi
Wakuu, heshima kwenu. Nina stationeri hapa Kikuyu, Dodoma, wateja wananitumia kazi za kuprinti kwa barua pepe. Tangu nijaze fomu kwenye banda la wauza viwanja pale Nanenane Nzuguni, sina amani. CV ya mteja inazama chini ya "OFA! Ihumwa, lipa kidogo kidogo". Nikifuta, wanarudi na viwanja vya Mtumba. Nimewajibu kistaarabu sihitaji, ndiyo kwanza wakazidisha. Anwani siwezi kubadili, ipo kwenye bango. Msaada tafadhali.

Mtani wa Kongwa
Pole mkuu. Kabla hujawazuia nirushie namba zao, natafuta kiwanja Ihumwa.

Mama Zabibu
Acha kuwajibu, unawahakikishia kuna mtu anasoma. Kwenye Gmail kitufe cha kujiondoa kipo juu, karibu na jina la mtumaji. Tangu 2024 Google inawabana wanaotuma barua za matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku waweke njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja. Asiyekuwa nacho mtupe spamu. Barua hukaa humo siku 30 ndipo zinafutika, kwa hiyo chungulia, ya mteja isije ikapotelea huko.

Kijana wa Chang'ombe
Rahisi tu, weka kichujio: kila yenye neno "kiwanja" ijifute.

Mama Zabibu
Mdogo wangu, huyu anaprinti mikataba ya mauziano. Atafuta mkate wake. Achuje kwa anwani ya mtumaji.

Mzee wa Mpwapwa
Kujitoa bofyeni kwa muuzaji mnayemfahamu tu. Zile za "umeshinda" usiguse kiungo chochote. Na meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" siyo matangazo, ni wizi, zipelekeni 15040.

Kwa hao wa viwanja, sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Una haki ya kuwataka waache kutumia taarifa zako kwa matangazo. Waandikie, weka tarehe, tunza nakala. Wakikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Fundi Karatasi
Shukrani wazee wangu. Meseji zinazokuja kwa jina, bila namba, je?

Mama Zabibu
Hizo hazijibiki. Ibonyeze kwa muda, chagua kuzuia.

Fundi Karatasi
Nimejitoa kwa wawili. Wa tatu hana kitufe, barua yake naiprinti sasa hivi. @Mtani, namba nakutumia inbox.