Kuiga katuni za seli kwa tableti: ufundi au kujificha?

Fundi wa Kondele: Wasanii wa Kisumu na Nakuru, hebu tuulizane. Vijana wanachora kwa tableti halafu wanataka kazi ifanane na katuni za seli, zile za zamani zilizochorwa kwa mkono juu ya vipande vya plastiki angavu, mstari mbele, rangi nyuma. Wanabandika vumbi na mikwaruzo ya filamu. Kwangu huko ni kuzeesha kitu kipya. Na kupaka rangi ndani ya mistari hata mtoto wa chekechea anaweza.

Rangi ya Lanet: Vumbi si kitu. Sura ya seli ni rangi bapa, kivuli chenye ukingo mkali, na mandhari laini ya rangi za maji nyuma ya mhusika. Mimi mstari nauweka tabaka lake, rangi tabaka la chini, kisha natia kivuli hafifu kilichosogea kidogo, maana plastiki haikugandana kabisa na mandhari. Lakini hilo la chekechea, kaka, unamtukana nani?

Mwana Nyalenda: Dada, hakukutaja.

Rangi ya Lanet: Si lazima anitaje. Kule Disney miaka ya 1930, waliotia wino na rangi walikuwa karibu wote wanawake, na filamu ya Snow White ya 1937 ilitoka bila majina yao. Kila plastiki iliyopandishwa juu ilififisha rangi za chini, kwa hiyo shati lilelile lilichanganyiwa rangi tofauti kulingana na tabaka lake. Chekechea gani inafundisha hayo?

Mzee wa Section 58: Hao wa wino si waliondolewa na mashine ya Xerox, ile ya kunakili michoro moja kwa moja kwenye plastiki? Kama sikosei ni ile filamu ya Disney ya mbwa wa madoadoa, 1961. Hata wakubwa walitafuta njia ya mkato. Waacheni vijana.

Fundi wa Kondele: Shikamoo mzee. Sijadharau wanawake, msinibandike maneno. Nauliza mbona tuige Japani na Marekani. Katuni ya watoto ya Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi kwa kompyuta, na ukiitazama unajua ni ya huku kwetu.

Rangi ya Lanet: Mtindo wenyewe ni wa Tanzania. Na bado hujajibu la chekechea.

Mwana Nyalenda: Omera, ngoja. Mteja mmoja aliniambia rangi ni sehemu ya kuchora, hailipwi kando. Sekunde moja ya filamu ina fremu, yaani picha, 24. Hata ukishika kila mchoro fremu mbili, ni michoro 12 ya kupakwa, na kivuli juu yake. Maneno kama ya Fundi ndiyo wateja wanatupigia nayo.

Fundi wa Kondele: Sasa mimi ndiye ninayewapangia bei? Nyinyi wa Nakuru mna majivuno.

Mwana Nyalenda: Mimi ni wa Nyalenda, Kisumu hukohuko, jirani yako!

Rangi ya Lanet: Acha Nakuru. Wewe Fundi, ukimpa kijana akupakie rangi, unamlipa kando au humlipi? Na jina lake unaliandika?

Mzee wa Section 58: Hapo ajibu.