Tupeane uzoefu: mashine ya alama za vidole ilikufanyaje?

Dole Gumba
Wakuu salama? Leo nimeenda kuchukuliwa alama za vidole za ajira, ile ya mashine, si ya wino. Vidole tisa vimepita, gumba la kulia likagoma. Mara sita! Dada wa pale kanishika mkono: "Legeza kaka, usinisaidie, nazungusha mwenyewe." Nalegeza vipi na jasho linanitoka kama mwizi wa kuku? Mliopitia leteni visa.

Binti Karani
Hapo kwenye "usinisaidie" umenimaliza 😂 Nami niliambiwa hivyohivyo.

Mchanganya Zege
Gumba moja tu unalia? Mimi miaka 19 nachanganya zege mikono mitupu. Siku ya siku mhudumu kanitazama vidole, kasema, "Mzee, hapa pamelika." Saruji inakula ngozi, vijana. Nikarudishwa, nikavaa glavu wiki tatu na kujipaka mafuta kila usiku. Vikapita.

Mkongwe wa Foleni
Mafuta ndiyo dawa. Yapake asubuhi ileile, uingie.

Nesi wa Zamu
Usimpoteze mwenzio. Mafuta ni siku za kabla. Siku yenyewe unanawa na kukausha, la sivyo mistari inajaa na kwenye skrini linatokea doa jeusi.

Mkongwe wa Foleni
Mimi nilipaka na nikapita.

Nesi wa Zamu
Bahati yako.

Binti Karani
Vyangu vilikuwa vikavu mno, nikaambiwa nivipanguse kwenye paji la uso. Nikadhani natukanwa. Kumbe yale mafuta kidogo ya usoni yanatosha.

Kilemba
Sikutaka kuandika, ila mmenikumbusha. Mwaka juzi nilikuwa natibiwa saratani kwa vidonge vya kapesitabini. Baadhi yetu dawa hiyo inatubabua viganja na nyayo. Ngozi inabanduka, ikirudi ni laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Maumivu niliambiwa mapema. La alama, hakuna aliyenidokeza.

Nikaitwa kazi ya kulea watoto, nikapelekwa kwenye mashine. Vidole kumi, hakikusomeka hata kimoja. Kwenye skrini ukungu mtupu. Mhudumu akamwita mkubwa wake, naye akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hivi vidole ulivifanya nini?" Akilini mwake nimevichoma ili nifiche jambo. Sikuwa na la kusema, nikavua kilemba. Kichwa hakina nywele, nyusi hamna. Hakuuliza tena. Akaandika kwenye fomu, akaniomba barua ya daktari. Kilio kilinijia nje, kituoni, mbele za watu.

Mchanganya Zege
Pole sana mwanangu. Nafuta maneno yangu ya kujisifia saruji.

Mkongwe wa Foleni
Dah. Kazi ulipata?

Doto
Mimi hofu yangu ni nyingine kabisa. Pacha wangu, tunafanana kila kitu, ana kesi. Wakipiga alama zangu si zitamleta yeye?

Nesi wa Zamu
Hapana. Hata mapacha wa kufanana alama zao ni tofauti, ile mistari inajichora mkiwa tumboni, kila mtu na yake.

Doto
Mbona simu yake inafunguka kwangu?

Nesi wa Zamu
Inasoma sura, Doto. SURA.

Doto
Ahaa. Basi naenda Jumatatu.

Binti Karani
Jamani tumwache Doto. Kilemba, mwenzio kakuuliza.

Kilemba
Nilipata, baada ya miezi miwili na barua mbili. Nilipomaliza dozi alama zikaanza kurudi, gumba kwanza.

Mchanganya Zege
Dole Gumba umesikia? La mwenzio limerudi. Lako lina kisingizio gani?

Dole Gumba
Nimelipangusa kwenye paji la uso, limepita. Sasa wanasema jina langu kwenye fomu limerukwa herufi moja. Nirudi Alhamisi.