Mume wangu amevunjika mguu katikati ya msimu wa upepo wa kaskazi: tungoje au tuendelee na safari?

Bint Tudor:
Assalamu alaykum wanajukwaa. Mimi na mume wangu tuna mashua ya mbao yenye tanga moja na mashine ndogo ya nyuma. Kusi inapovuma huwa twapanda nayo Kilifi, Malindi na Lamu, na kaskazi ikiingia twateremka Shimoni na Wasini. Safari hii tulinuia kuvuka hadi Pemba, kisha Tanga. Tulipokuwa tukipakia vyombo Mtwapa, boti nyingine ilipita kwa kasi, wimbi likaiinua mashua ilhali yeye ana mguu mmoja ndani na mwingine kwenye ngazi ya gati. Mifupa miwili ya kifundo ilivunjika, akapasuliwa na kutiwa chuma na skrubu.

Sasa plasta imetolewa, anatembea kwa gongo moja, na daktari amesema picha inaonyesha mfupa unaunga vizuri. Kwake yeye maneno hayo ni ruhusa ya kung'oa nanga, kwani kaskazi yaisha Machi na nyuma yake ni masika na kusi. Ndugu zake nao wanataka apelekwe kwa mzee wa kukanda. Mimi nashika usukani bila wasiwasi, lakini kazi ya tanga ni yake. Je, tuajiri kijana twende, au tungoje? Na tukingoja, mashua tuiweke vipi?

Muuguzi wa Kisauni:
Pole sana dada, na umfikishie shemeji pole zetu. Mfupa wa kifundo huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, lakini misuli iliyolala ndani ya plasta, pamoja na uwezo wa mguu kujisawazisha wenyewe, hurudi polepole kwa miezi. Mwache asimame kwa mguu huo peke yake karibu na ukuta, kwanza macho wazi, halafu ameyafumba. Akiyumba juu ya sakafu, bahari hana haja ya kuiuliza. Uvimbe wa jioni usiwatishe, huweza kudumu muda mrefu.

Kuhusu kukandwa, nasema hapana bila kupepesa macho. Mfupa mchanga unaweza kusogezwa, na kama damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, kukanda kunaweza kuling'oa donge likapanda mapafuni. Shavu la mguu likivimba, likipata joto na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Mazoezi ya viungo yafanywe na mtaalamu.

Msafiri wa Kilifi:
Mimi naona ajiriwe kijana na mzee akae tezi, yaani nyuma ya chombo, atoe amri. Mwanamume aliyezoea bahari ukimfungia nyumbani ataugua maradhi mengine.

Nahodha Mstaafu:
Ndugu wa Kilifi, hilo lafaa ndani ya hori la Mtwapa, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, si katika mkondo wa Pemba. Watu huisifu kaskazi kwa utulivu, na nyuma ya miamba ni kweli. Lakini huko nje maji hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima, nao upepo wa kaskazi huyapinga, hivyo mawimbi husimama mafupi mafupi na chombo hurukaruka bila kupumzika. Kisha, Bi, wajua kugeuza tanga: foromali, yaani mti unaobeba tanga, husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na mwenye kazi hiyo hutembea juu ya ubao uliolowa huku mikono yote miwili ikiwa na kamba. Gongo atalishika kwa mkono upi? Vijana wengi wa leo ni mahodari wa mashine, tanga hawalijui. Ngojeni matlai, upepo wa mashariki, ya mwisho wa mwaka, mguu uwe umekomaa.

Fundi wa Mashua:
Mkingoja, msiiache majini, kwani wadudu wa baharini hutoboa mbao hata ikawa kama chujio. Ivuteni pwani maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, yakijaa, muiegemeze kwa gadi, yaani miti ya kuizuia isilale, pande zote mbili, mkwangue sehemu ya chini na kuipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Adui wa pili ni jua: mbao zikikauka hupasuka na pamba ya kalafati, ile izibayo mishono ya mbao, hutoka. Ifunikeni kwa makuti, wala si turubai lililobanwa, maana hewa lazima ipite, na muimwagie maji ya chumvi mara kwa mara, ya mvua yasituame ndani. Tanga lioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na likauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Bint Tudor:
Ahsanteni nyote. Nimemsomea majibu. La muuguzi alilipuuza mpaka akajaribu kusimama kando ya kabati, akalishika kabla hajafumba macho. La foromali hakulijibu, ila ameuliza bamvua ni lini. Pemba tumeiahirisha, akiruhusiwa na daktari tutazunguka horini kwa mashine, mimi nikiwa usukanini. Fundi, siku ya kuirudisha majini tuikalafati upya yote?

Fundi wa Mashua:
Si yote. Gongeni kila mshono, mtie pamba palipolegea tu, kisha muilaze kwenye maji madogo imefungwa. Itavuja mwanzoni mpaka mbao zivimbe na kubanana, kwa hiyo awepo mtu wa kuteka maji usiku, na huyo asiwe shemeji.